Majirani wa Msikiti wa Jamia

Ijumaa ukitoka Msikiti wa Jamia, Nairobi, hebu tupia jicho jengo la jirani, lile lenye nguzo kubwa na sanamu za simba wawili mlangoni. Hiyo ni maktaba ya McMillan. Ilifunguliwa mwaka 1931, na msikiti ukakamilika 1933. Majirani kabisa, lakini wazee wetu waliokuja kuswali waliishia kuwatazama simba tu, maana vitabu vya ndani vilikuwa vya Wazungu. Ni baada ya Baraza la Jiji kuichukua ndipo ikawa maktaba ya kila mtu.

Na wazee hao walitoka wapi? Wengi walitoka Pangani na Pumwani. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Watu walipewa viwanja wajijengee wenyewe, ndiyo maana mpaka leo tunasema Majengo. Pangani ilikuwa ya zamani zaidi, na wenye nyumba wengi huko walikuwa Waislamu, wanawake pia wakiwemo. Mwisho wa miaka ya 1930 ikavunjwa yote, wakazi wakahamishiwa nyumba za baraza kule Shauri Moyo. Jina hilo lenyewe linatosha kukueleza walivyojisikia!

Sisi watoto wa miaka ya 1980 tulikuta mambo yamelegea. McMillan ilikuwa mbali kwa miguu, lakini tawi lake lilikuwa Kaloleni, na hiyo ndiyo tuliyoiita "laibrari yetu". Ramadhan ilikuwa na raha yake pale. Baada ya adhuhuri jua linawaka, koo limekauka, wewe umejibanza kwenye kona yenye ubaridi na kitabu, na mwenzako ameshalala juu ya meza. (Nami nililala mara nyingi, sitaki kusema uongo.) Alasiri tunavuka Jogoo Road, tunakatiza Shauri Moyo mpaka Majengo, harufu ya viazi karai na mahamri inatupokea kabla hatujafika. Dakika hizo za kungoja adhana zilikuwa ndefu kuliko kitabu chochote!

Maktaba ya Kaloleni imekarabatiwa miaka ya karibuni, alhamdulillah, na watoto wamejaa. Lakini Pangani ile ya wazee haina hata kibao. Ikiwa nyumbani kuna nyanya au babu aliyekulia Majengo, usiku wa leo baada ya tarawehe kaa naye. Muulize wazazi wake walihamia pale kutoka wapi, na walibeba nini.