Mbadala au Jadidifu? Somo Kutoka Majengo ya Umma ya Bujumbura

Katika madarasa yetu istilahi "nishati mbadala" na "nishati jadidifu" hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Historia ya Bujumbura inatufanya tuzitenganishe.

Mji huu, ulioitwa Usumbura hadi wakati wa uhuru wa mwaka 1962, una ofisi na shule kadhaa zilizojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950. Tazama mabaraza yake mapana, kuta za matofali yenye matundu, na madirisha yanayotazamana ili upepo wa Ziwa Tanganyika upite. Karibu na ikweta jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi. Hivyo jengo refu lililotazamishwa kaskazini na kusini hupata joto kidogo, na feni hupumzika. (Nyumba ya nyasi ya Warundi ilikuwa na ubaridi wake kabla ya Mbelgiji yeyote kufika.)

Umeme wa mji, kwa sehemu kubwa, ulitoka majini. Bwawa la Mugere lilianza mwaka 1982 na lile la Rwegura, lenye megawati 18, mwaka 1986. Maji ni nishati jadidifu, na huku ndiyo nishati ya kawaida. Kilichokuja kuziba pengo maji yalipopungua ni dizeli: jenereta nyuma ya ofisi, kisha mwaka 2017 mitambo ya kukodi ya megawati 30. Basi mbadala wa Bujumbura ulinuka moshi! Jua lilifuata baadaye, kituo cha Mubuga, Gitega, cha megawati 7.5 kilipowashwa mwaka 2021.

Wakati huohuo majengo mapya yamependa vioo na viyoyozi. Paneli juu ya paa la jengo kama hilo hufanya kazi ya kupoza joto ambalo baraza lingelizuia bure.

Tangu mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kituo chake cha nishati jadidifu na matumizi bora ya nishati, katika Chuo Kikuu cha Makerere. Viwango vya majengo vikiandikwa kwa Kiswahili, wahitimu wetu ndio watakaoitwa kuvitafsiri. Wakiandika kwamba kila shule ya umma iwe na "nishati mbadala", mkandarasi ataleta jenereta ya dizeli, na atakuwa ametimiza kanuni.