Somo la Historia kwa Redio: Uhabeshi Ilipolia, Dunia Ilinyamaza

Leo tunasema hasa na madarasa ya watu wazima ya Ugalla, upande wa Mpanda, lakini kila asikilizaye ni mwenzetu. Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya dunia ukutani. Tutaitazama mara nyingi.

Swali letu ni hili: Vita Vikuu vya Pili, vilivyoanza mwaka 1939, vilitokana na nini? Wengi husema vilitokana na Hitler. Ni kweli, hatia yake ni kubwa. Lakini mtu mmoja hawezi kuichoma dunia peke yake. Woga na ukimya wa wengine vilimsaidia. Na kwetu sisi wa Afrika Mashariki, habari hii haianzii mbali. Inapita kwa jirani yetu Uhabeshi, nchi iitwayo leo Ethiopia.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Vita Vikuu vya Kwanza vilikwisha Novemba 1918, na Wajerumani walishindwa. Walitakiwa kulipa fidia kubwa. Tena walinyang'anywa makoloni yao yote. Sehemu kubwa ya koloni lao la huku kwetu ikawa Tanganyika, chini ya Waingereza. Mwaka 1920 mataifa yakaanzisha Chama cha Mataifa, makao yake yakiwa Geneva, katika nchi ya Uswisi. Sharti lake kubwa lilikuwa hili: anayemshambulia mwanachama mmoja amewashambulia wote.

Sasa tuwatazame madikteta. Dikteta ni nani? Ni mtawala ambaye neno lake ni sheria, wala hakuna awezaye kumwuliza kwa nini.

Baada ya vita, watu wengi wa Ulaya walikuwa na shida. Kazi zilikuwa adimu. Mtu mwenye njaa na hasira humsikiliza upesi yule amwambiaye, "Nipe nguvu zote, nami nitakuokoa." Italia, Mussolini alipata uwaziri mkuu mwaka 1922. Baada ya miaka michache vyama vingine vyote vilipigwa marufuku.

Ujerumani, mwanzoni mwa mwaka 1933, watu wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Tarehe 30 Januari mwaka huo Hitler alifanywa mkuu wa serikali. Mwezi wa Machi, Bunge lilimpa uwezo wa kutunga sheria bila Bunge. Mwezi wa Julai, vyama vyote vilikatazwa isipokuwa chake. Hesabuni wenyewe: haikupita hata miezi sita. Waliompinga walitiwa kambini, na Wayahudi wakaanza kuonewa mchana kweupe. Hakuna aliyebaki wa kumwambia, "Basi, inatosha."

Mtawala asiyeulizwa na watu wake huanza kuwatazama majirani. Tazameni mashariki ya ramani. Huko Japani, wakuu wa jeshi walikuwa wameanza kuishinda serikali yao. Mwaka 1931 majeshi ya Japani yaliivamia Manchuria, sehemu ya China. Chama cha Mataifa kiliwalaumu kwa maneno. Wajapani wakajitoa chamani mwaka 1933, na Manchuria wakabaki nayo. Mussolini aliona jambo hilo, akaliweka moyoni.

Sasa rudini Afrika. Uhabeshi ilikuwa imewashinda Wataliani katika vita vya Adwa, mwaka 1896. Mwaka 1923 iliingia katika Chama cha Mataifa kama taifa huru. Lakini Wataliani walikuwa na makoloni pande mbili za nchi hiyo, Eritrea na Somalia. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yao yalivuka mpaka. Walikuwa na ndege na vifaru, na Wahabeshi wengi walikuwa na bunduki za kizamani tu. Wataliani wakamwaga hata gesi ya sumu, ambayo Italia yenyewe ilikuwa imeahidi kutoitumia vitani.

Je, Chama cha Mataifa kilifanya nini? Kilisema wazi kwamba Italia imekosa. Kikakataza isiuziwe silaha na bidhaa kadhaa. Lakini mafuta ya kuendeshea magari na ndege hayakukatazwa. Wala Mfereji wa Suez haukufungwa, na meli zilizowachukua askari wa Kitaliani zilipita hapo. Ni sawa na kumfungia mwizi dirisha na kumwachia mlango.

Tarehe 5 Mei 1936 Wataliani waliingia Addis Ababa. Mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva, na tarehe 30 Juni akasimama mbele ya mataifa. Waandishi wa magazeti wa Kitaliani walimpigia mbinja ili asisikike. Yeye alisema hata mwisho. Aliwaonya kwamba jambo hili si la Uhabeshi peke yake, bali usalama wa kila taifa dogo umo hatarini. Mwezi uliofuata vizuizi vya biashara juu ya Italia vikaondolewa.

Kwa nini Waingereza na Wafaransa walilegea? Walikumbuka mamilioni waliokufa katika vita vya kwanza. Tena walitaka kumweka Mussolini upande wao, asije akaungana na Hitler. Lakini mwaka huo huo wa 1936 Mussolini alitangaza urafiki wake na Ujerumani. Basi walimwacha Mhabeshi, na Mtaliani pia hawakumpata.

Warina asali wa Ugalla wanaujua moto wa kiangazi. Ukiwa mdogo, watu wachache wenye matawi mabichi huuzima. Ukiachwa kwa kuwa unaunguza pori la mtu mwingine, kesho huifikia mizinga yako. Ndivyo ilivyokuwa Ulaya. Machi 1936 Hitler alipeleka askari katika bonde la mto Rhine, kinyume cha mapatano. Machi 1938 aliichukua Austria. Septemba 1938, katika mkutano wa Munich, alipewa sehemu ya Chekoslovakia, na wenye nchi hawakuitwa mezani. Waafrika wanaijua habari hiyo, maana Afrika nayo iliwekewa kanuni za kugawanywa mjini Berlin, mwaka 1884 na 1885, wenyewe wasiwepo. Tarehe 1 Septemba 1939 Hitler aliivamia Poland. Siku mbili baadaye Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani.

Moto ukatufikia na sisi. Hitler alikuwa akidai makoloni ya zamani yarudishwe, nayo Tanganyika ilikuwa mojawapo. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Askari wa Keya wa Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi, na tarehe 5 Mei 1941 Haile Selassie alirudi Addis Ababa, miaka mitano kamili tangu mji ulipotekwa. Wengine walipelekwa Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Wengine walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mpira. Na Wapolandi wapatao 5,000, waliopoteza makwao, waliletwa Tengeru, karibu na Arusha. Wenzetu wa Mpanda mnaelewa mkimbizi ni nani, kwa sababu Katumba na Mishamo zilipokea watu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972.

Askari wetu waliambiwa kwamba wanapigania uhuru. Waliporudi, wengine waliuliza, "Uhuru wa nani?" Swali hilo lilikuwa la haki, maana Tanganyika yenyewe ilitawaliwa bila watu wake kuulizwa. Umoja wa Mataifa, ulioundwa mwaka 1945, uliichukua Tanganyika chini ya udhamini wake. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda huko kudai haki yetu, na tarehe 9 Desemba 1961 tukajitawala.

Basi tumejifunza nini? Udikteta huanza kwa kuwanyamazisha watu wa nyumbani, kisha huenda kwa jirani. Sheria nzuri bila watu wa kuilinda haimzuii mwenye nguvu. Wazee walisema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini kutia maji hakutoshi. Afadhali kumshika mkono mwenye wembe mapema, wakati bado mmoja na mkono wake ni mwepesi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Onyesheni katika ramani Uhabeshi, Manchuria na Poland. Ipi ilivamiwa kwanza?
2. Hitler alikuwa dikteta kwa hatua zipi? Ni nani angeweza kumzuia katika kila hatua?
3. Kwa nini kukataza silaha bila kukataza mafuta hakukuwasaidia Wahabeshi?
4. Katika kijiji chenu, mkubwa akimwonea mmoja, wengine hufanya nini? Andikeni sentensi tatu.