Bunduki ya bata, shavu la babu, na sisi wenye shoto

Najua nimekuwa kimya, kazi za wateja zimenibana kwelikweli. Leo nitaacha kidogo mambo ya programu na hifadhidata niwaletee historia ya mtambo mmoja ambao, kusema kweli, sikuwahi kufikiri ningeuandikia hapa. Ni bunduki. Usikimbie, msomaji, utaona imefikaje.

Binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani. Sote wawili tuna asili ya Kililana, huku bara ya Lamu ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Na sote wawili tuna shoto. Huko aliko amejiunga na wenzake wa kazini wanaokwenda kuwinda bata mwitu majira ya baridi yakikaribia. Mwezi uliopita akanitumia ujumbe: "Ndugu yangu, wewe ndiye fundi wa mitambo ukoo mzima. Nimeazimwa bunduki inayojipakia yenyewe, kila nikifyatua ganda linanipita mbele ya pua. Ninunue ya shoto au nizoee tu?"

Mimi fundi wa kompyuta, bunduki sijawahi kushika. Lakini kwetu ukishasoma kompyuta basi unatarajiwa kujua kila chenye skrubu. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kumkumbuka babu yake mama.

Huyu mzee sikumkuta. Mama husimulia kwamba alikuwa na gobori la kufukuzia nyani na nguruwe shambani, na kwamba shavu lake la kushoto lilikuwa na madoa meusi madogo madogo, kama mtu aliyerushiwa wino. Watoto walidhani amezaliwa nayo. Mzee alikuwa na shoto.

Sasa tazama gobori lilivyoundwa. Kwenye bunduki ya gumegume, kile kibakuli cha baruti ya kuwashia, ambacho wazee wakikiita kifa, kiko ubavuni upande wa kulia. Zilipokuja za fataki, nyundo na fataki vilibaki pale pale. Mwenye kutumia bega la kulia huegemeza shavu upande wa kushoto wa kitako, kwa hiyo mbao inamkinga na moto. Mwenye bega la kushoto shavu lake liko upande ule ule wa moto. Chembe za baruti zinamrukia na kuingia ndani ya ngozi. Mzee hakuwa na madoa ya kuzaliwa, alikuwa amechanjwa na mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Na kwa nini watu wa pwani walibaki na magobori wakati Ulaya ilishayaacha? Hapa historia yetu inaingia. Mwaka 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa ulizuia silaha za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Lamu iko kama nyuzi mbili kusini ya ikweta, yaani katikati kabisa. Kilichoachiwa mlango kwa mwenyeji ni bunduki ya gumegume isiyo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Mzungu mwenye kibali aliingia na bunduki yake mpya, mwenyeji akaachiwa toleo la zamani. (Wenzangu mnaoandika programu mnaijua hali hii, ya mteja kufungiwa kwenye toleo la zamani kwa sera ya mtu aliye mbali.)

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba tatizo la wenye shoto lilikuwa limekaribia kutatuliwa wakati huo huo, tena bila mtu kukusudia. Bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ile ya kukunjuka katikati, ina karibu sura ile ile kulia na kushoto. Mwaka 1875 Anson na Deeley, mafundi wa Birmingham, walipata hati ya mtambo uliozificha nyundo ndani kabisa. Moto ukafungiwa ndani ya ganda, na kifungo cha usalama kikawekwa juu, chini ya dole gumba. Kilichobaki cha upendeleo ni kitako kilichopindwa kidogo kumfaa mwenye bega la kulia, na wenzo wa kufungulia unaosukumwa kulia. Seremala hodari anaweza kukipinda kitako upande wa pili. Babu angekuwa na hiyo, shavu lake lingekuwa safi.

Kisha akaja John Browning. Huyu bwana wa Utah alibuni bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe na kupewa hati yake mwaka 1900. Ukifyatua, mtutu mzima unarudi nyuma pamoja na komeo lake, kisha unapokwenda mbele ganda tupu linatupwa nje na risasi mpya inapanda. Ajabu ya mashine! Kampuni ya Winchester ilizoea kumnunulia ubunifu wake kwa mkupuo, safari hii akataka alipwe kwa kila bunduki itakayouzwa, wakakataa. Akaenda kuonana na mkuu wa Remington, Marcellus Hartley, Januari 1902. Akiwa anasubiri kuitwa, akaambiwa mzee amefariki kwa moyo. Browning akapanda meli hadi Ubelgiji, akaingia mkataba na kiwanda cha FN, na bunduki ile, Auto-5, ikatengenezwa karibu karne nzima. (Anayetoza wateja wake kwa mkupuo mmoja na asome aya hii mara mbili.)

Lakini ganda lazima litokee mahali. Tundu likachongwa ubavuni. Upande gani? Kulia, bila shaka. Basi mtambo mpya kuliko yote ukarudisha kosa la gumegume, kwamba anayetumia bega la kushoto anaona ganda na moshi vikipita mbele ya uso wake. Si hatari kama baruti ya babu, ila mtu anapepesa macho, na bata hamsubiri mtu anayepepesa macho. Kifungo cha usalama nacho, kwenye nyingi zilizofuata, kimepangwa kisukumwe na kidole cha mkono wa kulia.

Dawa moja ilikuwa kutolea maganda chini, kama Ithaca 37 ya mwaka 1937, lakini hiyo ni ya kukoki kwa mkono. Bunduki ya kujipakia iliyogeuzwa kabisa ilichelewa. Remington 1100, inayotumia gesi ya baruti kusukuma mtambo, ilitoka mwaka 1963, na ya shoto ikafuata miaka ya 1970. Kugeuza si kazi ndogo. Tundu, komeo, mkono wa kukokia, kifungo na kitako vyote vinahama, na kiwanda kinahitaji mashine upya kwa ajili ya mtu mmoja kati ya kumi. Aliyewahi kugeuza programu ifuate maandishi ya Kiarabu, yanayotoka kulia kwenda kushoto, atanielewa. Huwezi kuipindua picha tu ukaenda kulala. Leo Benelli na Beretta wanauza zilizogeuzwa hivyo.

Basi nikamjibu binamu. Kwanza, asiangalie mkono, aangalie jicho. Anyooshe kidole kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, halafu afumbe moja moja. Jicho ambalo kwalo kidole hakihami ndilo linalotawala, na bega lifuate jicho hilo. Pili, mitutu miwili ya kizamani ni mizuri kwa shoto, lakini Marekani imepiga marufuku risasi za plumbi kwa ndege wa majini nchi nzima tangu 1991, kwa sababu bata huzimeza chini ya maji na kufa kwa sumu. Badala yake wengi hutumia marisau ya chuma, na chuma ni kigumu, kinaweza kuiharibu mitutu ya zamani. Tatu, bunduki ya kujipakia huko isibebe zaidi ya risasi tatu ukiwinda ndege hao, sheria ya tangu 1935, kwa hiyo asilipe zaidi kwa ajili ya nafasi nyingi.

Akaniuliza kama nami ninunue ya kwangu, tuje kuwinda pamoja Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni, au delta ya Tana. Nikamcheka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ndege waliachwa, waliendelea kupigwa kwa leseni, lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imefanya uwindaji wowote wa kujifurahisha kuwa kosa. Delta ya Tana yenyewe iliingizwa mwaka 2012 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zinazolindwa. Bata wanaoruka kutoka Ulaya na Asia kuja kwetu kila mwaka, mimi nitawapiga kwa kamera ya simu, ambayo kitufe chake pia kiko kulia.

Nilijipima jicho usiku ule. Langu linalotawala ni la kulia! Shoto yote hii, na bega langu lingepaswa kuwa la kulia. Sasa najiuliza jicho la babu lilikuwa lipi, na kama kuna aliyewahi kumwambia ajaribu bega la pili.

La binamu ni la kushoto kweli. Amenunua ya gesi, ya shoto, iliyotumika kidogo. Juzi amenitumia picha akiwa kwenye matete, anacheka. Ganda halimpiti tena puani. Linamwangukia mwenzake anayekaa kushoto kwake, na huyo ameshaanza kulalamika.