Kasi ya Shafti: Upimaji wa Mzunguko kutoka Jinja hadi Ruharo

Mota ya umeme inayofanya kazi Ruharo, sehemu ya mji wa Mbarara yenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na hospitali ya misheni, hupokea mwendo wake kutoka mbali, kwa kuwa umeme wa gridi ya Uganda hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, na hesabu hiyo huzaliwa na kasi ya shafti za jenereta za Jinja pamoja na mitambo mingine iliyounganishwa nazo. Bwawa la Owen Falls la huko Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954, kulinda kasi hiyo kulikuwa kazi ya gavana, yaani kifaa kinachopima mzunguko na papo hapo kuurekebisha kwa kufungua au kufunga njia ya maji.

Kifaa hicho kilipata umaarufu katika injini ya mvuke, ambayo James Watt aliifungia mipira miwili ya chuma mwaka 1788: shafti ikienda kasi mipira hutawanyika na kupunguza mvuke, ikizorota hushuka na kuuongeza. Kanuni hiyo imo pia katika injini za dizeli za mashine za kusaga mahindi, ambazo ndizo zilizofaa makazi kama Nakivale, yaliyoanza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, kwani mahindi yakimiminwa kwa wingi injini hulemewa, uzito wa gavana hujikunja, na dizeli huongezwa kabla msagaji hajagusa chochote.

Ankole, eneo la Mbarara, ni nchi ya maziwa ya ng'ombe, na historia ya maziwa ina kipimo chake cha mzunguko, ambacho hakika kinastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Mashine ya kutenga malai, iliyobuniwa na Gustaf de Laval wa Sweden mwaka 1878, ilihitaji kasi maalumu, kwa hiyo mashine nyingi za mkono zilitiwa kengele katika mpini, iliyolia kila mzunguko na kunyamaza kasi ilipotosha, kwa sababu nguvu ya mzunguko iliushikilia uzito wake pembeni.

Vihisi vya kielektroniki vilikuja kuongeza jambo moja kubwa, yaani kujua shafti imesimama wapi. Enkoda, ambayo ni kisahani chenye matundu kinachokatiza mwanga, huhesabu hatua za mzunguko, na mitambo ya kisasa ya kufungasha maziwa huitegemea ili kisu kikate pakiti mahali panapostahili. Enkoda ya kuhesabu tu hupoteza hesabu umeme ukikatika, lakini ile inayotumia mpangilio wa namba uliopewa hataza kwa jina la Frank Gray mwaka 1953, ambamo tarakimu moja tu hubadilika kila hatua, huisoma nafasi yake mara umeme unaporudi, na kwa kiwanda chochote ambacho umeme hukatika mara kwa mara tofauti hiyo huokoa shehena nzima.