Upenyo: Nafasi Tupu Chini ya Daraja

Mtu anayejenga reli ya mfano kwa skeli ndogo, tuseme skeli ya N ambamo kila kitu hupunguzwa mara 160, akitaka daraja la kupitisha barabara juu ya njia yake, kwanza hutazama mawe, matao na rangi ya kingo. Hayo yanaweza kusubiri. Kwa upande wa treni, daraja ni tundu: nafasi tupu yenye upana na kimo chake, ambayo kichwa cha treni na mabehewa lazima yapenye bila kugusa kitu. Nafasi hiyo ina jina lake katika ufundi wa reli, na kwa Kiswahili napendekeza iitwe upenyo.

Haja ya neno hili inatokana na mzigo mkubwa uliotwishwa neno jingine, geji. Kiingereza cha reli hulitumia kwa mambo matatu: umbali kati ya reli mbili, umbo kubwa kuliko yote ambalo behewa na mzigo wake vinaruhusiwa kuwa nalo, na umbo la nafasi ambayo madaraja, mahandaki na majukwaa lazima yaiache wazi. Sisi tulilichukua neno kwa maana ya kwanza tu. Tunasema mita geji kwa reli ya zamani na standadi geji kwa ile ya kisasa, na kila anayesikia anaelewa kuwa tunazungumzia upana wa njia. Kulitumia tena neno hilo kwa maana nyingine mbili ni kumchanganya fundi bure. Geji ibaki chini, kwenye reli.

Kwa maana ya pili naona ukomo wa behewa unatosha. Ukomo tunao tayari katika ukomo wa mwendo na ukomo wa bajeti: mahali ambapo hapazidishwi. Zamani, katika yadi za mizigo za Uingereza, ukomo huo ulikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Upinde wa chuma ulining'inizwa kwenye nguzo juu ya njia, na behewa lililopakiwa lilipitishwa chini yake. Likigusa, mzigo ulipangwa upya kabla ya safari. Kwa maana ya tatu, upenyo. Kitenzi penya kinabeba wazo lote, yaani kupita mahali pembamba kwa shida au kwa uangalifu, na nomino yake inajulikana. Mwanya ni nafasi tu kati ya vitu viwili, haudai kwamba kuna kinachopita. Nafasi ni neno pana mno, ingawa linafaa kwa kile kinachobaki kati ya ukomo na upenyo, yaani nafasi ya usalama.

Tofauti za ukomo na upenyo kati ya nchi na nchi zimeamua hata ukubwa wa treni za mfano zenyewe. Uingereza ilijenga reli zake mapema mno. Njia ya Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, wakati vichwa vya treni vilikuwa vidogo, na madaraja ya miaka ile yalijengwa kwa kipimo cha treni zile. Treni zilipoongezeka kimo, matao ya matofali yalikuwa yamekwisha simama kila mahali, kwa hiyo mabehewa ya Kiingereza hadi leo huishia kimo cha karibu mita 3.95. Ulaya bara ilijiachia nafasi kubwa zaidi, na ukomo uliokubaliwa Berne katika miaka ya 1910 ni mita 4.28 kwa kimo na 3.15 kwa upana. Skeli ya N ilipoanza kuuzwa na kampuni ya Arnold ya Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960, uwiano wake ulikuwa 1:160 juu ya njia ya milimita 9. Kichwa cha Kiingereza kikipunguzwa kwa uwiano huo kinakuwa chembamba na kifupi kiasi cha kuibana mota ndani yake. Kwa hiyo Waingereza walibaki na njia ileile ya milimita 9 lakini wakaichukua skeli ya 1:148. Piga hesabu uone: mita 4.28 kwa 160 na mita 3.95 kwa 148 zote zinatoa karibu milimita 27. Madaraja ya karne ya 19 ndiyo yaliyowafanya Waingereza wawe na skeli yao peke yao.

Ndiyo maana mnunuzi asiishie kusoma herufi N kwenye boksi. Daraja la Kiingereza la 1:148 na la Kijerumani la 1:160 hukaribiana kwa upenyo, ila gari la 1:160 litaonekana dogo kidogo mbele ya matofali ya 1:148. Wajapani wana 1:150 kwa treni zao za kawaida. Marekani ni habari nyingine kabisa. Treni zao za makontena mawili yaliyobebana hufikia kimo cha mita 6.15, yaani zaidi ya milimita 38 kwa 1:160, na daraja zuri la mtaa wa Ulaya litalikwangua kontena la juu. Reli yenye waya wa umeme nayo inadai upenyo wake, kwa sababu waya huning'inia mita tano na ushei juu ya reli na bado unahitaji hewa juu yake. Njia ya London hadi Cardiff ilipowekewa umeme, madaraja mengi ya barabara yalilazimika kuinuliwa au kujengwa upya. Anayetaka kuiga SGR ya Tanzania, yaani reli yake ya standadi geji, inayotumia umeme, asikope vipimo kutoka kwa ile ya Kenya, ambayo treni zake zilianza na dizeli mwaka 2017.

Jina la daraja lenyewe halina haja ya istilahi mpya. Wahandisi wa Kiingereza huhesabu kutoka kwenye reli: barabara ikipita juu ni daraja la juu, ikipita chini ni daraja la chini. Tukiwafuata tutapotea, maana jijini Dar es Salaam daraja la juu ni lile la Mfugale pale TAZARA, barabara juu ya barabara. Kiswahili humtaja anayevuka: daraja la reli hubeba reli, daraja la barabara hubeba magari, daraja la waenda kwa miguu ni lao. Mpangilio huu uko wazi na ninaupendelea. Kwenye maduka ya vifaa vya mfano unasaidia pia, kwa kuwa madaraja yanayouzwa kwenye boksi, yale ya mihimili ya chuma, aghalabu ni ya reli, na ukilazimisha kutandaza barabara juu yake utapata kitu chembamba kisichopitisha magari mawili. Barabara ya njia mbili yenye upana wa mita 7 inataka milimita 44, kabla ya kuhesabu kingo.

Kwenye kona ndipo upenyo unapowashinda wengi. Behewa la abiria la Ulaya lina urefu wa mita 26.4. Magurudumu yake yako kwenye vigari viwili, na kutoka kitovu cha kimoja hadi cha kingine ni mita 19. Kwa 1:160 hizo ni milimita 165 na 119. Liweke kwenye kona yenye nusu kipenyo cha milimita 250, na tumbo la behewa linaingia ndani ya kona kwa milimita 7, huku ncha zake zikitoka nje kwa zaidi ya 6. Behewa lina upana wa karibu milimita 18, kwa hiyo ukuta uliosimama milimita 12 kutoka katikati ya njia, ambao kwenye mstari ulionyooka hauna shida, hapa utakwanguliwa pande zote mbili. Kona hiyo ingekuwa na nusu kipenyo cha mita 40 katika ukubwa halisi, na hakuna reli kuu inayojipinda hivyo. Maana yake, upenyo wa mfano hauwezi kuwa upenyo halisi uliogawanywa kwa 160 tu. Mjenzi anaongeza kile ambacho kona zake zinadai, kisha anatafuta namna ya kuficha nyongeza, kwa kuutanua mlango wa daraja au kuzisogeza nguzo nyuma na kuziba pengo kwa tuta lenye majani.

Vipimo vya kuanzia vipo. Chama cha Marekani cha NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, hutoa kibamba cha kupimia ambacho umbo lake la nje huonyesha upenyo: unakisimamisha juu ya reli na kukisogeza chini ya daraja. Shirikisho la Ulaya la MOROP, la mwaka 1954, linachapisha kanuni zake ziitwazo NEM. Asiye na kimojawapo akate kiolezo cha kadibodi, akipime kutoka mgongo wa reli na si kutoka ubaoni, kisha alipitishe behewa lake refu kuliko yote kwa mkono, polepole, kabla gundi haijakauka. Sakafu ya daraja la zege inajengeka vizuri kwa bamba la plastiki au kadibodi ngumu, unene wa milimita 6, na kingo za milimita 6 au 7 juu yake. Daraja la kujijengea lina faida moja kubwa ambayo la boksi halina: huanzia kwenye upenyo wako.

Kinachobaki kigumu ni barabara yenyewe kupanda. Mita 5 za upenyo na mita 1 ya sakafu ni mita 6, na barabara inayopanda mita 1 kwa kila 20 inahitaji mita 120 kufika juu. Hizo ni milimita 750 kwa kila upande, meza nzima kwa watu wengi. Kuna wanaoichimbia reli ishuke kati ya kingo mbili za udongo, kama ilivyofanywa sana Uingereza, barabara ikavuka ikiwa tambarare. Wengine huweka daraja mwisho wa ubao, pale treni inapotoka kwenye mandhari na kuingia njia zilizofichwa nyuma, barabara ikakatika ukingoni bila kumsumbua yeyote. Daraja la namna hii linapendwa mno katika skeli ndogo, nami naona linastahili, ila linaugeuza mtihani. Kila milimita ya upenyo inayozidi ukomo wa behewa humwonyesha mtazamaji ukuta na nyaya zilizo nyuma, kwa hiyo mjenzi anabana kutoka juu na pembeni, anapitisha behewa, anabana tena, mpaka ibaki nafasi ya usalama peke yake.