Karatasi za Emin Pasha zilizokutwa Kasongo

Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Francis Dhanis, yaliingia Kasongo, mji wa Sefu mwana wa Tippu Tip. Miongoni mwa mali iliyokamatwa mlikuwa na karatasi za mtu aliyeuawa miezi sita nyuma, zenye mwandiko mdogo mfano wa sisimizi. Zilikuwa za Emin Pasha.

Wengi humjua kwa kuwa Stanley alikwenda kumwokoa. Wapenda ndege wanamjua kwa jingine. Daktari huyu, aliyezaliwa Silesia mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, baadaye gavana wa jimbo la Ikweta huko Nile ya Juu, alikuwa na macho mabovu mno; karatasi aliisogeza karibu igusane na pua. Lakini ndege aliyeletwa mbele yake alimpima kwa milimita, akaandika tarehe, mahali, dume au jike, ndipo akamfunga kikaratasi mguuni. Ngozi zilipelekwa Bremen kwa Gustav Hartlaub, naye ndiye aliyewapa majina wale wageni kwa sayansi. Mbwigu mmoja, ndege mdogo mwenye mdomo wa ndoano, mwaka 1882 aliitwa *Lanius gubernator*, yaani mbwigu wa gavana.

Kwenye daftari za wakusanyaji ndege kama yeye maneno hukatwa. *Lanius* akishatajwa mara moja, anabaki L. tu. Duara lenye mshale ni dume, lenye msalaba chini ni jike, alama walizozoea wanasayansi tangu enzi za Linnaeus. Anayechuna ndege usiku baada ya mwendo wa kutwa hana nafasi ya kutunga sentensi.

Emin aliuawa tarehe 23 Oktoba 1892 huko Kinena, kwa amri ya chifu Kibonge. Alikamatwa akiwa mezani kwake, akachinjwa. Mwenzake wa safari, Franz Stuhlmann, ndiye aliyesimamia shajara zake hadi zikaanza kuchapwa mwaka 1916, na juzuu moja nzima ikawa ya kumbukumbu za wanyama. Kasongo ile ya Sefu leo huitwa Tongoni, na jina linajieleza: mahame. Mji ulihama, karatasi zikabaki.

Lakini kikaratasi nacho huweza kudanganya. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mwenyeji huko Avakubi, Ituri. Akauhifadhi, asijue ni wa nani. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wachanga wa Kihindi. Unyoya ulikuwa wa jamii yao. Ndiye tausi wa Kongo, anayeishi hata katika misitu ya Maniema. Jina lisilo sahihi lililobandikwa na mtu wa makumbusho lilimficha mbele ya macho ya wataalamu, ilhali wawindaji wa Ituri walikuwa wakivaa manyoya yake.

Kwenye milima ya Itombwe, mashariki ya Kabambare, bundi mmoja alipatikana mwaka 1951, akapewa jina la mtaalamu wa ndege Alexandre Prigogine. Kwa miaka 45 dunia ilikuwa na ngozi moja tu ya kuthibitisha kwamba yupo. Mwaka 1996 mwingine alinaswa kwa wavu, akapigwa picha, akaachiwa aruke zake. Ushahidi ulikuwa umebadilika: si lazima tena ndege afe ndipo aaminike.

Siku hizi orodha huandikwa kwenye simu na kutumwa eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002. Asiyehesabu huweka X, maana yake alikuwepo. Ukitaja ndege asiyetarajiwa mahali hapo, mhakiki wa kujitolea atakuuliza: ulimwonaje, picha iko wapi? Wengine huudhika. Mimi naona ni swali ambalo wale tausi wawili wa Tervuren walilikosa kwa miaka mingi.

Basi wewe uliye Kasongo, Kabambare au kando ya mto Luama, ukimwona ndege usiyemfahamu, andika kabla hujafika nyumbani: siku, saa, mahali, walikuwa wangapi. Kisha waulize wazee wa kwenu wanamwitaje, uliandike na hilo.