Maneno ya Kazi ya Mkono katika Mwambao wa Rumonge

Watu wa mwambao wa Tanganyika, tangu Rumonge hata Nyanza-Lac, huishi kati ya Kiswahili na Kirundi, na katika lugha zote mbili kazi ya mkono haikupewa jina moja. Mtumbwi huchongwa, jahazi huundwa, chungu hufinyangwa, chuma hufuliwa, wavu hufumwa, mkeka husukwa, kanzu hushonwa na mawese hukamuliwa. Siku hizi aghalabu husikika neno moja tu, kutengeneza, likishika mahali pa yote hayo. Jambo hili laonekana dogo, lakini yafaa lifikiriwe, kwani ndani ya maneno haya imo sehemu kubwa ya historia ya Waislamu wa mwambao huu.

Kutengeneza, kwa asili yake, ni kukiweka kitu katika taratibu na kukirudisha katika hali njema. Basi mtu akisema kwamba fulani ametengeneza jahazi, msikilizaji hajui bado kama aliliunda jahazi jipya, ama alilikalafati tu lisivuje. Neno pana halikosi faida, lakini halimwelezi kijana ni chombo gani ashike wala mkono wake uende vipi.

Tazama tofauti ya kuchonga na kuunda. Mwenye kuchonga hupunguza: huchukua gogo la mti mmoja, akaliondolea kwa shoka na tezo yale yasiyotakiwa, hata mtumbwi ukabaki. Warundi huiita kazi hiyo kubaza. Mwenye kuunda huongeza: hulaza mkuku, akasimamisha mataruma, akaunga ubao kwa ubao. Ufundi huo wa pili uliletwa ziwani na watu wa pwani, waliofika Ujiji kwa misafara ya biashara, na kwa njia ya Ujiji Uislamu na Kiswahili vikaenea katika mwambao wa Burundi. Wala haifai kuficha kwamba misafara hiyo ilichukua watumwa pamoja na pembe.

Katika mwaka wa 1858, Burton na Speke walipofika Ujiji, walitaka chombo kikubwa cha kuwapeleka kaskazini. Speke akavuka ziwa hata Kasenge ili akodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim, asilipate. Mwisho wakasafiri kwa mitumbwi hadi Uvira. Livingstone na Stanley nao, mwezi wa Novemba 1871, waliupita mwambao wa Burundi kwa mtumbwi, wakahakikisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki humo. Kwa hiyo chombo cha kuchongwa na chombo cha kuundwa vilikuwa pamoja katika maji haya tangu zamani, na kila kimoja kilikuwa na neno lake.

Neno jingine lenye maana kubwa ni kuumba. Kirundi husema kubumba kwa kazi ya udongo, na katika Burundi Watwa ndio waliojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Kiswahili nacho kilitumia kuumba kwa vyungu, lakini polepole neno hilo likainuliwa, likawa la Mwenyezi Mungu, naye akaitwa Muumba. Mwanadamu akaachiwa kufinyanga. Hapana shaka Mwislamu huona mafunzo hapo, kwani Sura ya Ar-Rahman yataja kwamba mtu aliumbwa kwa udongo mkavu mfano wa udongo wa mfinyanzi. Maneno ya lugha hizi mbili, yaliyo ya ukoo mmoja, yalikuwa tayari yameweka chungu na kiumbe karibu karibu.

Kufua nako kwafundisha. Mhunzi hufua chuma, na mama wa nyumbani hufua nguo pwani ya ziwa, wala si ajabu kazi mbili hizo kuwa na neno moja, kwani asili ya zote ni kupiga. Lugha haikutazama heshima ya mtu. Ilitazama mwendo wa mkono.

Katika Qur'ani Tukufu kazi ya mkono imetajwa kwa heshima. Nabii Nuhu, juu yake amani, aliamriwa kufanya jahazi, na kitendo kilichotumiwa katika Sura ya Hud ni cha shina lile lile lililowapa Waswahili neno sanaa. Nabii Daudi alilainishiwa chuma, akaamriwa kufanya mavazi ya vita na kupima sawasawa vikuku vyake. Basi ufundi si kazi ya kudharauliwa na mtu mwenye dini.

Hata neno fundi lenyewe limetoka katika kufunda, yaani kufundisha, na ndugu yake ni mwanafunzi. Huko Visiwa vya Ngazija fundi ni jina la mwalimu wa Qur'ani. Warundi wamelichukua neno hilo wakasema umufundi, na aghalabu humkusudia mwashi. Kwa hiyo fundi kamili ni yule aliyefunzwa naye akafunza. Asiyeacha mwanafunzi ametimiza nusu ya jina lake.

Umuhimu wa hayo ulionekana wakati wa dhiki. Mwishoni mwa Aprili 1972 msiba mkubwa ulianzia Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi wakauawa, na maelfu wakakimbilia Tanzania, wakakaa Katumba, Ulyankulu na kwingineko. Shamba la michikichi halibebeki, wala nyumba haitiwi mtumbwini. Baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka wa 2000 wengi walirudi, wakakuta ardhi zao zimeshikwa na wengine, na kesi zikawa nyingi. Mali ile iliweza kuchukuliwa. Lakini ajuaye kushona, kuunda au kufuma huenda na ujuzi wake popote aendapo, wala hapana hakimu wa kuuamua. Ujuzi huo hupotea kwa njia moja tu, nayo ni kufa kwa mwenyewe kabla hajaufunza.

Basi yapasa wazee wa mwambao wawaite vijana wawafunze kazi pamoja na maneno yake: tezo, mkuku, mataruma, ukili. Kijana asiyelijua jina la kitu hawezi kukiulizia. Wala isisahauliwe kwamba hata jumuiya ya Waislamu husemwa kuwa imeundwa, kama jahazi: watu waliotoka pande mbalimbali wakaungwa ubao kwa ubao. Chombo cha namna hiyo hutaka kukalafatiwa kila mwaka, la sivyo huingia maji. Mwenyezi Mungu awape wenye mikono baraka katika kazi yao, na awape wenye ujuzi wepesi wa kuufunza. Amin.